Nani Anasoma Mizani?

Siku hizi kila unakogeuka unaambiwa ushindane. Shuleni wanafunzi wanapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na karatasi inabandikwa ukutani. Ukipata kazi unakuta jamaa wa meza ya pili anakitaka cheo kile kile unachokitaka wewe. Upande mwingine wapo wanaotuimbia kwamba umoja ni nguvu, tuunde vikundi, tuanzishe SACCOS, na mambo yatanyooka yenyewe. Ukiwasikiliza wote utadhani ni lazima uchague kambi moja. Mimi nadhani swali lenyewe limeulizwa vibaya, na ushahidi wangu uko Mwanza, kwenye mizani ya pamba.

Turudi nyuma hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na eneo la Mwanza na jirani zake lilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa. Zao la biashara Usukuma lilikuwa pamba. Mkulima alilima, akavuna, kisha akabeba pamba yake hadi kituo cha kununulia, ambacho mara nyingi kilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara mwenye asili ya Asia. Bei ilikuwa imeshapangwa na serikali, kwa hiyo ujanja wote ukahamia kwenye mizani. Malalamiko yalikuwa yale yale kila msimu: uzito uliosomwa haukuwa uzito uliobebwa.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mkulima. Umefika peke yako, umechoka, na nyuma yako kuna foleni ya wenzako wanaotaka nao wauze wawahi nyumbani. Utabisha? Ukibisha, anaitwa anayefuata. Wakulima walikuwa wanashindana wao kwa wao bila hata kujua kwamba wanashindana, na mwenye mizani alinufaika na hilo.

Walifanya nini? Mapema katika miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Ni jambo dogo sana ukiliangalia. Mtu mmoja, aliyewekwa na wakulima, anahakikisha uzito ili mkulima ajue kilo zake kabla hajaambiwa na mnunuzi. Kutoka kwenye jambo hilo dogo vilikuja vyama vya ushirika vya vijijini, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU. Kiongozi wake alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 30, umri wa wengi wetu tunaoendelea kusema tutaanza mwakani. Serikali ya kikoloni ilipoizuia TANU kufanya kazi Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958, vyama vya ushirika viliendelea. Baadaye VFCU ikamiliki viwanda vya kuchambua pamba na kuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Ninachotaka ukione hapa ni kwamba ushirika huu haukuzaliwa na kuaminiana. Ulizaliwa na shaka. Watu walikubaliana kwanza kukagua, umoja ukafuata.

Na wala msidhani Wasukuma hawakujua kushindana. Hao ndio wenye Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo yamekuwa mahasimu tangu enzi za mababu. Mavuno yakiisha wanakutana uwanjani, kila upande na ngoma zake na dawa zake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Vikundi vya ngoma hivyo hivyo vilijulikana pia kwa kulima pamoja, jembe likifuata mdundo. Ushindani mkali na ushirikiano mkubwa, kwa watu wale wale. Na angalia nani anaamua: umati wenyewe, mchana kweupe.

Sasa tuje kwenye sehemu chungu. Baada ya uhuru VFCU haikuwa na mshindani, pamba yote ilipita kwake. Mizani ikawa "yetu". Nani atamkagua ndugu yake? Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na kilichoonekana kilikuwa aibu: wizi, upendeleo wa kuajiri jamaa, uongozi mbovu, na wanachama wasiojua kinachoendelea ndani ya chama chao. VFCU ikawekwa chini ya uangalizi wa serikali, kisha ikazaliwa upya kwa jina la Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, ununuzi ukapewa mamlaka za mazao, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha.

Katikati ya miaka ya 1990 likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, ushindani ukarudi. Mwanzoni ilionekana afadhali, kwani mkulima alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Lakini hakuna mnunuzi aliyetaka kukopesha mbegu na dawa halafu pamba ikanunuliwe na mwingine, hivyo mikopo ya pembejeo ikayumba. Na mizani je? Ikarudi kule kule. Wanunuzi wakalaumiwa kwa kuchezea mizani, wakulima wakalaumiwa kwa kuchakachua pamba kwa maji na mchanga ili iwe nzito. Kila mmoja anamwibia mwenzake kwa hofu ya kuibiwa, na ubora wa pamba ukashuka kwa wote.

Kwa hiyo tumejaribu kushindana na tumejaribu kushirikiana, na kote tumeibiwa pale ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia. Haya sio mambo ya pamba peke yake. Ndiyo kazi ya kikundi chuoni, ambapo majina ni sita na aliyeandika ni mmoja. Ndiyo ofisi inayosema cheo kinashindaniwa, wakati vigezo anavijua bosi peke yake. Ndicho kikoba ambacho mweka hazina ni "mtu wetu", na ukiomba kuona daftari unaambiwa huna imani na wenzako.

Nadhani tuache kuliona hilo kama tusi. Wakulima wa Usukuma walioweka wapimaji hawakuwa wanavunja umoja, ndio walikuwa wanaujenga. Wewe kwenye kikundi chako, mara ya mwisho kuomba kuona daftari ilikuwa lini?