Marudio Yasiyojitambulisha

Televisheni ya Marekani ilipoanza kurudia vipindi, haikuona haya kumwambia mtazamaji kwamba anaona kilichopita. I Love Lucy, iliyoanza CBS mwaka 1951, haikuwa kama vipindi vingi vya wakati ule vilivyorushwa mubashara vikaishia hewani: ilipigwa kwenye filamu ya milimita 35, kila sehemu ikahifadhika. Lucille Ball alipokuwa mjamzito, kabla ya kujifungua Januari 1953, sehemu za nyuma zilirudishwa, na baadhi zikatengenezewa utangulizi mpya ambamo wahusika wanakumbushana kisa cha zamani. Uungwana huo haukudumu. Vichekesho vilipouzwa kwa vituo vya miji mbalimbali na kurushwa karibu kila siku, ilikuwa juu ya mtazamaji kubahatisha ni sehemu ipi. Seinfeld na Friends zilikuwa na jina kwa kila sehemu, lakini jina hilo halikuandikwa kwenye skrini. Naamini sababu ilikuwa biashara: ajuaye mapema kwamba ameshaiona hakawii kushika rimoti.

Watetezi wa ukimya huo husema maandishi huchafua picha. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama vituo vyenyewe vingeiheshimu. Nembo zao hukaa pembeni mwa skrini saa nzima, na tangu 1997, serikali na wazazi walipobana, alama ya umri unaofaa ilipata nafasi juu kushoto kila kipindi kinapoanza. Mwaka 2008 kituo cha ABC kilirudia sehemu za tamthilia ya Lost zikiwa na maelezo chini ya picha, ili wageni waingie katika hadithi yenye mafundo mengi. Hapo maandishi hayakuwa uchafu, maana yalivuta watu. Nakubali kwamba si kila mtu anapenda kusoma huku anatazama, na maelezo ya Lost yalikuwa mengi mno. Lakini dawa yake ni kumwachia mtazamaji kitufe cha kuita maelezo anapoyataka. Kitufe hicho kipo katika ving'amuzi, hata vya kwetu, vilivyoenea tangu Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Ila king'amuzi huonyesha kile tu kilichojazwa na mrushaji. Akiandika jina la tamthilia peke yake, mtazamaji hapati zaidi. Basi vituo vijaze namba ya sehemu, msimu na mwaka iliporushwa kwanza.