Kanuni Rejeshi na Kanuni Wazi: Historia ya Mfuatano wa Fibonacci hadi Mwaka 1876

Ikisiri
Makala haya yanafuatilia historia ya mfuatano wa namba 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13 kuanzia arudhi ya Bara Hindi hadi Ufaransa ya mwaka 1876. Yanadai kwamba kanuni wazi haikuja kuifuta kanuni rejeshi, bali ilizaliwa kutokana nayo, na kila moja ina kazi yake.

Utangulizi
Kanuni rejeshi hutaja namba za mwanzo, kisha hueleza jinsi ya kupata inayofuata kutokana na zilizotangulia. Kanuni wazi huipata namba ya nafasi yoyote moja kwa moja. Kwa mfuatano 5, 8, 11, 14, kanuni rejeshi ni “anza na 5, kisha ongeza 3”. Kanuni wazi ni 3n + 2, ambapo n ni nafasi ya namba. Kuifikia namba ya 100 kwa njia ya kwanza ni kujumlisha mara 99. Kwa njia ya pili, 302 hupatikana mara moja. Kwa sababu hiyo, kanuni rejeshi huweza kuonekana darasani kama ngazi ya kutupwa baada ya kupanda. Historia haiungi mkono mtazamo huo.

Silabi na sungura
Katika mizani ya shairi la Kiswahili kila silabi huhesabiwa moja. Katika baadhi ya bahari za Kisanskriti na Kiprakriti, silabi nyepesi ina kipimo kimoja na nzito ina viwili. Wanaarudhi wa huko walijiuliza mshororo wa vipimo kadhaa unaweza kupangwa kwa njia ngapi. Kila mshororo huishia kwa silabi nyepesi au nzito. Ikiondolewa nyepesi, hubaki mshororo uliopungua kipimo kimoja. Ikiondolewa nzito, hubaki uliopungua viwili. Kwa hiyo idadi ya njia ni jumla ya idadi mbili zilizotangulia: vipimo vitatu vina njia 3, vinne 5, vitano 8. Hemachandra, mwanazuoni wa Kijaini wa Gujarat, aliieleza kanuni hiyo karibu mwaka 1150. Virahanka alikuwa amekwisha kuieleza karne kadhaa kabla yake.

Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, alijifunza tarakimu za Kihindi huko Bugia, bandari iliyomo leo nchini Algeria. Katika kitabu chake Liber Abaci cha mwaka 1202 aliuliza jozi moja ya sungura itakuwa jozi ngapi baada ya mwaka mmoja. Alijibu 377, akaongeza kwamba kujumlisha huko kunaweza kuendelea kwa miezi isiyo na ukomo. Kanuni wazi hakuitoa.

Kuzaliwa kwa kanuni wazi
Kanuni wazi ilisubiri aljebra ya karne ya 18, katika kazi za Abraham de Moivre na Daniel Bernoulli. Hoja ya msingi ni hii: itafutwe namba x ambayo vipeo vyake vinatii kanuni rejeshi ileile. Sharti hilo huleta mlinganyo x² = x + 1, wenye majibu mawili: φ = (1 + √5)/2, takriban 1.618, na ψ = (1 − √5)/2, takriban −0.618. Namba ya nafasi ya n ni (φⁿ − ψⁿ)/√5. Kwa nafasi ya 14, φ¹⁴/√5 ni takriban 377.0005, na sehemu ya ψ huondoa ziada hiyo, ikabaki 377 kamili. Jacques Binet aliichapisha kanuni hii mwaka 1843, na jina lake ndilo lililodumu. Hata hivyo, mlinganyo uliyoizaa ni kanuni rejeshi yenyewe iliyoandikwa kwa sura nyingine.

Kurejea kwa kanuni rejeshi
Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas, aliyelieneza jina la Fibonacci, alitangaza kwamba 2¹²⁷ − 1, namba yenye tarakimu 39, ni namba tasa. Njia yake ilikuwa rejeshi: anza na 3, zidisha kila namba kwa yenyewe na utoe 2, kisha gawanya kwa namba inayochunguzwa na uendelee na baki tu. Kwa 2⁷ − 1, yaani 127, hupatikana 3, 7, 47, 48, 16, 0. Sifuri katika hatua ya sita huthibitisha kuwa 127 ni tasa. Kwa 2¹²⁷ − 1, sifuri hutakiwa katika hatua ya 126. Mfuatano huo kabla ya kugawanywa una kanuni wazi, inayotumia φ na ψ zilezile, lakini namba yake ya 126 ni kubwa kiasi cha kutoandikika. Kwa kanuni rejeshi, baki halizidi tarakimu 39 katika hatua yoyote. Hadi mwaka 1951 haikujulikana namba tasa iliyo kubwa zaidi.

Hitimisho
Kanuni wazi hujibu swali “namba ya nafasi hii ni ipi?” Kanuni rejeshi hujibu “namba hii imetokana na nini?”, na wakati mwingine ndiyo pekee inayohesabika. Mwanafunzi anayeiona kanuni rejeshi kwanza hajachelewa. Ameshika mwanzo wa njia ambayo wanahisabati waliifuata kwa karne nyingi. Ufundishaji unaofaa humwonyesha jinsi ya kuitoa kanuni moja katika nyingine, na humwachia kuchagua kwa kuangalia swali lililo mbele yake.