Istilahi ya Mahusiano ya Majedwali na Mfano wa Wakfu wa Unguja

Madhumuni ya makala haya ni kuitafutia istilahi dhana moja ya kompyuta, nayo ni ya majedwali ambamo kila kitu cha upande huu chaweza kufungamana na vingi vya upande ule, na kinyume chake. Wafasiri huandika "uhusiano wa wengi kwa wengi". Kasoro ya tafsiri hiyo ni ya ngeli: wengi ni watu, hali nyumba ni nyingi na mashamba ni mengi.

Dhana yenyewe si ngeni Unguja. Katika Mji Mkongwe nyumba na maduka mengi yaliwekwa wakfu, na huko shamba minazi na mikarafuu vilevile. Mwaka 1905, zama za Seyyid Ali bin Hamud, iliundwa Kamisheni ya Wakfu isimamie mali hizo. Nyumba moja iliweza kuwanufaisha wengi: msikiti, kizazi cha mwenye kuweka wakfu, pengine hata watumwa aliowaacha huru. Mnufaika naye aliweza kuwa na fungu katika wakfu kadhaa. Je, fungu la robo liandikwe wapi? Likiandikwa penye nyumba, ni robo ya nani? Likiandikwa penye mtu, ni robo ya nyumba ipi? Hapana budi liwepo daftari la tatu, ambalo kila mstari wake hutaja nyumba moja, mnufaika mmoja na fungu lake.

Misingi ya majedwali ya namna hiyo katika kompyuta iliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California. Siku hizi zipo programu za kati zinazoigeuza mistari ya jedwali kuwa vitu: mtu huomba wanufaika wa nyumba fulani akapewa, asilione kamwe daftari la tatu. Wepesi huo una hatari yake. Majedwali yakiunganishwa, nyumba yenye wanufaika watatu hurudi mara tatu, na ajumlishaye kodi bila ya kuondoa marudio hupata kodi mara tatu ya ile iliyolipwa.

Kwa hiyo naona "uhusiano wa uwingi kwa uwingi" wafaa zaidi, kwani uwingi hauchagui ngeli. (Wanasarufi wanalo neno hilo tayari, halitawapungukia.) Ama lile la tatu, naliitwe "daftari la kati". Wataalamu wakipenda "jedwali", na liwe jedwali, ila neno "kati" lisidondoshwe.