Madai Yajibiwa, Mdai Afukuzwa

Ndugu msikilizaji, leo nataka tulitazame neno moja tunalolitamka kila siku: kibarua. Wazee wa Pwani hutueleza kuwa asili yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili jioni akidai ujira wake ijulikane kuwa alifanya kazi. Cheti kimepotea, jina limebaki kwa mtu. Naye mtu huyo, tangu enzi hizo mpaka leo, ana shida ileile: akisimama kudai haki huulizwa kwanza, wewe ni mfanyakazi wa nani?

Swali hilo liliulizwa Mombasa mwaka 1947. Bandari ilitegemea watu walioajiriwa kwa siku, na tajiri hakuwajibika kwa kodi ya chumba wala chakula cha watoto wao siku ambayo meli haikutia nanga. Tarehe 13 Januari mwaka huo, watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Kwa siku 12 mji ulisimama. Walikutana katika uwanja walioubatiza jina la Kiwanja cha Maskini, na hapo ndipo mpakuzi wa meli na mpishi wa Mzungu walipotambua kuwa shida yao ni moja.

Serikali ya kikoloni iliunda baraza la kusikiliza madai chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Ukiishia hapo utasema wafanyakazi walishinda. Lakini Agosti mwaka huohuo Chege Kibachia, kiongozi wa chama kilichozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, Baringo, mbali na bandari na mbali na watu wake. Alikaa huko takriban miaka 10.

Mambo yakajirudia Nairobi. Tarehe 1 Mei 1949, Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Serikali ilikataa kuliandikisha. Aprili 1950, kwenye mkutano wa Kaloleni, Makhan Singh alidai uhuru hadharani, na wiki tatu baadaye yeye na Kubai wakatiwa mbaroni. Jiji likagoma. Makhan Singh aliwekwa kizuizini kaskazini mwa Kenya na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961.

Utaona mtindo wa wakubwa. Madai ya fedha huweza kujibiwa, kwa sababu fedha huhesabika. Kisichosamehewa ni kitendo cha kuwakusanya watu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mtawala aliifahamu methali hiyo vizuri: ukitaka jambo life, mwondoe mahali pale anayelisema.

Sasa nikuvushe miaka 70, tubaki Nairobi hiihii. Mwaka 2019 kijana wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, aliajiriwa na kampuni iitwayo Sama, iliyokuwa na mkataba wa kuifanyia kazi Facebook. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuchuja yale ambayo watu huweka kwenye mtandao huo: mauaji, watoto wakidhulumiwa, watu wakijiua. Wewe na mimi hatuyaoni kwa kuwa kuna mtu aliyeyaona kwanza, zamu nzima, siku baada ya siku. Gazeti la TIME liliandika Februari 2022 kwamba baadhi yao walilipwa kiasi kidogo kama dola 1.50 ya Marekani kwa saa.

Motaung aliwakusanya wenzake, zaidi ya 100 wakaunga mkono madai ya mishahara na mazingira bora, wakasema wasiposikilizwa watagoma. Alisimamishwa kazi, kisha akafukuzwa, na kwa kuwa mgeni hukaa nchini kwa kibali cha kazi, ilibidi arudi kwao. Sama ilikana kuwa ilivunja juhudi za kuunda chama. Na baada ya habari ile ya TIME kutoka, kampuni iliongeza mishahara ya wachujaji. Motaung hakuwapo kuipokea nyongeza.

Nami nimeliona hili kwa kiasi changu. Miaka yangu ya mwanzo katika utangazaji, mwenzetu mmoja alizungusha karatasi ya kudai posho ya zamu ya usiku. Sote tulitia sahihi. Posho ilikuja baada ya miezi miwili. Barua yake ya uhamisho ilikuja baada ya wiki moja.

Mei 2022 Motaung alifungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, mwenye Facebook. Meta ikajitetea kwamba haina makao wala biashara Kenya, hivyo mahakama zetu haziwezi kuihukumu. Methali ileile, safari hii mdomoni mwa tajiri: sipo, basi deni langu halipo!

Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, na wachujaji wapatao 260 wakaambiwa ajira zinakwisha. Wengi walikwenda mahakamani Machi, wakidai kuwa wanaadhibiwa kwa kudai haki zao, na kwamba kampuni iliyochukua kazi imeambiwa isiwaajiri. Walioshtakiwa walikana. Tarehe 1 Mei 2023, siku ileile aliyoichagua Makhan Singh, wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Na hapa ndipo tofauti na mwaka 1947 inapoonekana. Kibachia hakuwa na sheria ya kumkinga. Hawa wana Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kugoma. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Uamuzi huo haukumlipa mtu hata shilingi. Ulichofanya ni kulijibu lile swali la kibarua: anayenufaika na jasho lako anaweza kuitwa mbele ya hakimu, hata akiwa ng'ambo. Desemba 2024 ilifahamika kwamba zaidi ya wachujaji 140 waliopimwa na daktari wa Hospitali ya Kenyatta walikutwa na maradhi makali ya akili yatokanayo na mshtuko. Deni lenyewe ndilo hilo, na nyongeza ya mshahara haiwezi kulifuta.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia kampuni au serikali imeongeza mishahara baada ya kelele za wafanyakazi, pokea habari hiyo kwa furaha, lakini usizime redio. Uliza swali la pili: yule aliyeomba, bado yuko kazini? Kama hayupo, jua kilichotolewa ni sadaka, na sadaka hutolewa siku mwenye nayo akipenda. Tukutane wiki ijayo.