Kiira EV

Kiira EV ni gari la umeme la viti viwili lililosanifiwa na kuundwa na wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, Uganda. Liliendeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 2011 katika barabara za chuo, na tarehe 24 ya mwezi huohuo Rais Yoweri Museveni akalizindua rasmi. Halikuwahi kuuzwa. Hata hivyo ndilo lililozaa kampuni ya serikali ya kuunda magari, na kwa sababu hiyo linastahili maelezo marefu kuliko magari mengi yaliyouzwa kwa maelfu.

Mradi ulianzia mbali na Kampala. Wanafunzi wa taasisi ya teknolojia ya MIT, Marekani, walikuwa wameunganisha vyuo vikuu vya nchi mbalimbali ili visanifu kwa pamoja gari la haibridi la watu watano, Vision 200, ambalo liliundwa Turin, Italia. Makerere ilishiriki, na timu yake ikapewa mfumo wa kuendeshea gari pamoja na mawasiliano ya kielektroniki kati ya vifaa vya ndani. Wanafunzi waliporudi nyumbani na ujuzi huo, swali lilikuwa dhahiri: kama sehemu ya gari imewezekana, kwa nini lisiwezekane gari zima?

Tofauti kati ya mazingira ya Makerere na ya vyuo vya uhandisi vya Marekani ilikuwa kubwa. Tangu mwaka 1963 chuo cha Harvey Mudd huko California kimekuwa kikipokea matatizo halisi ya makampuni na kuyakabidhi kwa timu ndogo za wanafunzi. Kampuni hulipa ada, humteua mtu wa kufuatilia kazi, na mwisho wa mwaka hupokea matokeo. Mpango huo unaanza na kiwanda chenye shida. Makerere hapakuwa na kiwanda cha magari cha kuleta shida yake. Barabara za Uganda zilijaa magari yaliyotumika kutoka Japani, na kazi ya mhandisi wa magari ilikuwa zaidi kutengeneza kuliko kubuni. Ukosefu wa kiwanda ndio uliokuwa tatizo lenyewe, na hakuna kampuni ambayo ingelipa ada ili litatuliwe. Fedha zilitoka serikalini, kupitia mpango wa rais wa kukuza sayansi na teknolojia.

Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi waliongoza kazi hiyo katika kituo cha utafiti wa teknolojia ya usafirishaji cha chuo. Gari lililotoka karakana lilikuwa dogo, la kijani, linaloweza kwenda takriban kilomita 80 kabla ya kuchajiwa tena. Betri zake zilikuwa za lithiamu, na betri za aina hiyo hazitaki uzembe: seli moja ikijazwa kupita kiasi au ikipata joto kali inaweza kuharibu pakiti nzima. Kwa hiyo lazima kuwe na mfumo wa kuzichunguza seli wakati wote, na kidhibiti kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota kila dereva anapokanyaga pedeli. Wakosoaji walisema vifaa muhimu vilinunuliwa nje, na hilo ni kweli. Lakini hata viwanda vikubwa hununua vifaa kwa wengine. Ugumu wa uhandisi umo katika kuvioanisha vifanye kazi kama gari moja, na ugumu huo wanafunzi waliubeba wenyewe.

Mwaka 2014 lilifuata Kiira EV Smack, gari la haibridi la watu watano. Lakini hatua yenye maana zaidi ilikuwa kuhama kutoka gari la mtu binafsi kwenda basi, kwa sababu wakazi wengi wa Kampala husafiri kwa teksi za abiria 14 na kwa bodaboda. Februari 2016 lilizinduliwa Kayoola Solar Bus, basi la abiria 35 lenye paneli za sola juu ya paa. Lilikuwa na mafungu mawili ya betri: moja likichajiwa na paneli, jingine kwa umeme wa kawaida kwa safari ndefu na za usiku. Jua la ikweta liliongeza mwendo wa basi, ingawa peke yake lisingetosha kulitembeza siku nzima.

Wakati huo kazi ilikuwa imeshatoka chuoni. Iliundwa Kiira Motors Corporation, ambayo serikali ilimiliki asilimia 96 ya hisa na Makerere asilimia 4, Musasizi akiwa mtendaji mkuu. Kampuni ilipewa ekari 100 katika eneo la viwanda la Jinja, na ujenzi wa kiwanda ulianza mwaka 2019. Huku ujenzi ukiendelea, mabasi ya kwanza ya Kayoola EVS yaliundwa katika karakana za jeshi za Luweero Industries huko Nakasongola. Ni basi la mjini lenye sakafu ya chini, linalobeba abiria 90 wakiwemo waliosimama, na linaloweza kwenda kilomita 300 kwa chaji moja, karibu mara nne ya umbali wa gari dogo la mwaka 2011.