Kisukari cha paka
Kisukari cha paka ni ugonjwa wa kuzidi kwa sukari katika damu, unaofanana na aina ya 2 ya binadamu. Huwapata zaidi madume waliohasiwa na paka wanene. Mgonjwa hunywa maji mno, hukojoa sana na hukonda ingawa anakula. Hutibiwa kwa insulini, kwa kawaida kila baada ya saa 12, na chakula chenye wanga kidogo. Kudunga si kugumu; hatari ni bomba la sindano lisilolingana na nguvu ya dawa (namba baada ya U ni uniti kwa kila mililita): alama ya 10 kwenye bomba la U-100 hutoa uniti 4 tu za insulini ya U-40. Paka akiyumba au kutetemeka, huenda sukari imeshuka: apakwe asali kwenye ufizi, akimbizwe kwa daktari wa mifugo. Wakitibiwa mapema, baadhi huacha kuhitaji insulini.