Fidia ya Madhara ya Chanjo: Haki ya Mdai na Bayina Juu Yake

Kila sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mzazi wa Goziba, Bumbire au Ikuza, visiwani Muleba, anayeona kuwa mwanawe amedhurika kwa chanjo hakatazwi na dini kudai haki. Mafaqihi wamesema: asiyejua utabibu akimtibu mtu akamdhuru, anabeba dhamana. Tabibu mjuzi aliyepewa idhini na asivuke mipaka ya kazi yake hana dhamana.

Lakini bayina ni juu ya mdai, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inasema hivyo hivyo. Homa iliyokuja baada ya sindano si lazima imeletwa na sindano. Huenda ni malaria. Kumtuhumu muuguzi kwa dhana tu ni dhulma nyingine.

Taratibu ni hizi:

1. Matibabu kwanza. Mtoto akivimba uso au kupumua kwa shida, arudishwe kituoni papo hapo.

2. Hifadhi kadi ya kliniki, majibu ya vipimo na maelezo ya daktari. Uliza jina la chanjo na namba ya toleo, uandike.

3. Toa taarifa kituoni ili ifikishwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa si kesi, ila hufungua njia ya uchunguzi.

4. Muone wakili mapema. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Ukiidai Serikali, unatanguliza notisi ya siku 90, kisha shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa Kagera ipo Bukoba. Asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kwa UVIKO-19, mpango wa COVAX, ulioleta nchini chanjo ya Janssen Julai 2021, uliwekewa mfuko wa kufidia kifo au ulemavu wa kudumu bila kuthibitisha uzembe. Anayepokea malipo yake anaacha haki ya kushtaki, basi asome kabla ya kutia saini.

Fidia ya mtoto ni mali ya mtoto. Kwa mzazi ni amana. Wala dhara la nadra lisitufanye tuwaache watoto wengine bila kinga ya surua.

Wallahu a'lam.